Straipa wa Mto Merrimack: Msimu, Boti na Sheria ya Samaki Mmoja

Mto Merrimack unapokatiza mji wa Lowell, jimboni Massachusetts, unapita karibu na makanisa, maduka na nyumba za mojawapo ya jumuiya kubwa za Wakenya nchini Marekani. Wengi huuvuka kila siku wakienda kazini bila kuwahi kuufuata hadi unakoishia. Anayeufuata kwa gari, mwendo usiofika saa moja, hujikuta Newburyport, mji mdogo wa bandari ambako mto huo unaingia Atlantiki. Hapo, kuanzia Mei hadi Oktoba, wavuvi humiminika kwa ajili ya samaki mmoja: straipa.

Kwa mtu aliyekulia Lamu, Kisumu au Kigoma, kuvua si jambo geni. Kigeni ni masharti. Unalipia boti, unashinda baharini nusu siku, na sheria inakuruhusu kurudi na samaki mmoja tu, tena awe wa kipimo maalumu. Ukimpata mkubwa kupita kiasi, unamrudisha majini. Masharti hayo yana historia ndefu, na anayeijua hupanda boti akiwa na hamu zaidi, si pungufu.

Samaki msafiri

Straipa ana rangi ya fedha na mistari saba au minane myeusi inayopita ubavuni kutoka kwenye mashavu hadi mkiani. Huishi baharini lakini hutaga mtoni, kwenye maji yasiyo na chumvi. Wengi wa wanaovuliwa pwani ya New England wamezaliwa katika mito inayomwaga maji kwenye Ghuba ya Chesapeake, huko Maryland na Virginia. Wengine wanatoka mito ya Hudson na Delaware. Mayai yao huelea na mkondo na kuanguliwa baada ya siku mbili hivi. Mkondo ukiwa dhaifu, huzama kwenye matope na kufa.

Samaki huyu anaweza kuishi miaka 30, na jike mkubwa hutaga mayai mamilioni kwa msimu mmoja. Rekodi ya dunia ya uvuvi wa fimbo iliwekwa Agosti 2011 na Greg Myerson, pwani ya Connecticut: straipa wa ratili 81.88, yaani zaidi ya kilo 37.

Wasomaji walioko California nao wanamfahamu, ingawa pwani yao si asili yake. Mwaka 1879 straipa wadogo zaidi ya 100 walisafirishwa kwa treni kutoka New Jersey na kuachiwa karibu na San Francisco. Wakazaana.

Msimu unavyokwenda

Straipa hufuata joto la maji na chakula. Majira ya baridi wengi huyapitisha baharini kati ya New Jersey na North Carolina. Maji yakianza kupata joto, wakubwa huingia mitoni kutaga, kisha makundi hupanda kaskazini. Wa kwanza kufika Massachusetts, mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei, kwa kawaida ni wadogo. Wakubwa hufuata kuanzia katikati ya Mei, na Juni ndio mwezi ambao manahodha wa Newburyport hupata wateja wengi.

Mwanzoni straipa huwakimbiza samaki wadogo wa jamii ya heringi wanaopanda mtoni kutaga. Kundi jingine hupanda Merrimack hadi Lawrence, chini ya bwawa kubwa la mawe lililokamilika mwaka 1848, na kusubiri windo hapo. Baadaye huja vibua wa Atlantiki, kisha samaki wa mafuta wanaoitwa menhaden. Julai na Agosti, jua likiwa kali, straipa hushuka kwenye kina au hula usiku na alfajiri. Septemba huchangamka tena kujaza mafuta ya safari, na Oktoba wanarudi kusini.

Ndiyo maana nahodha mzuri humuuliza mteja anatafuta nini kabla ya kupanga tarehe. Mwenye watoto atafaidi zaidi mwishoni mwa Mei, samaki wakiwa wengi hata kama ni wadogo. Anayetaka kupambana na samaki mkubwa atasubiri Juni au Septemba.

Ndani ya boti

Boti nyingi za kukodi hapa huchukua abiria sita wanaolipa, kikomo cha leseni ya kawaida ya nahodha inayotolewa na Walinzi wa Pwani wa Marekani. Zinazobeba zaidi hukaguliwa kwa masharti mengine. Bei hutozwa kwa boti nzima, kwa hiyo watu sita wakichangishana, mzigo unakuwa mwepesi. Fimbo, mshipi na chambo vimo ndani ya bei. Bakshishi ya msaidizi wa nahodha haimo. Desturi ni asilimia 15 hadi 20.

Kazi ya kwanza asubuhi huwa ni kutafuta chambo. Boti husimama mahali penye vibua, na abiria hushusha mshipi wenye ndoana ndogo kadhaa zilizovikwa manyoya. Vibua hupanda watatu wanne kwa mpigo na kutiwa kwenye tangi la maji ya bahari yanayozungushwa na pampu, wabaki hai. Baada ya hapo ndipo safari ya straipa inapoanza.

Kibua hutungwa kwenye ndoana karibu na pua na kuachiwa aogelee. Mvuvi hushika fimbo na kungoja. Kwanza kibua huanza kuhangaika, na mtetemeko wake huonekana kwenye ncha ya fimbo. Kisha mshipi hukimbia. Hapa wageni wengi hukosea, hasa waliozoea kushtua mshipi mara wanapohisi samaki. Ndoana inayotakiwa kisheria kwa chambo cha asili imepinda kuwa karibu duara kamili, ncha ikielekea ndani. Ukiivuta kwa ghafla, inachomoka. Ukiacha samaki aondoke na chambo, kisha ukakaza mshipi polepole, ndoana hujigeuza yenyewe na kunasa pembeni mwa mdomo.

Zipo njia nyingine. Baadhi ya manahodha hurambaza, boti ikienda taratibu huku ikikokota mpira mrefu mwekundu wenye mnyoo wa baharini nyuma yake. Wengine hutazama angani: shakwe wakikusanyika na kupiga mbizi mahali pamoja, chini yao kuna straipa waliowasukuma dagaa juu. Ndani ya mdomo wa mto, kwenye maji mafupi ya Joppa Flats, wapo wanaovua kwa chambo bandia chepesi na kumwona samaki kwa macho kabla hajala.

Fungu la mchanga

Mdomo wa Merrimack ni mzuri kwa samaki na wa hatari kwa vyombo. Kati ya kuta mbili za mawe, moja upande wa Salisbury na nyingine upande wa Kisiwa cha Plum, kuna fungu la mchanga linalohamahama. Maji hujaa na kupwa kwa tofauti ya takriban mita mbili na nusu. Yanapokupwa, mto wote unasukumwa kutoka kupitia mlango huo mwembamba, na ukikutana na mawimbi ya bahari, mawimbi hayo husimama wima na kuvunjika. Boti ndogo zimepinduka hapo mara nyingi, na Walinzi wa Pwani wana kituo mtoni humo.

Kwa hiyo saa ya kuondoka hupangwa kwa kuangalia maji. Nahodha akiahirisha safari kwa sababu ya upepo, asisukumwe. Kabla ya kulipa, uliza mambo manne: leseni yake, jaketi za kuokolea zenye saizi za watoto, utaratibu wa kurudishiwa pesa hali ya hewa ikiharibika, na kama kuna choo. Anayelevywa na bahari amwone mfamasia mapema, kwani dawa nyingi hufanya kazi zikimezwa kabla ya kupanda. Koti zito lichukuliwe hata kama Lowell kuna joto. Mwezi Mei bahari hiyo bado ni baridi kali, na upepo wake hupenya.

Kwa nini samaki mmoja

Uvuvi huu umewahi kuanguka. Wakoloni wa Massachusetts walipitisha sheria mwaka 1639 kukataza straipa na samaki aitwaye kodi (cod) wasitumiwe kama mbolea ya mashamba, ishara kwamba walikuwa wengi kiasi cha kufukiwa ardhini. Karibu karne tatu na nusu baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1970, idadi yao ilishuka kwa kasi kutokana na kuvuliwa kupita kiasi na mito ya kuzalia kuharibika. Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kumhifadhi mwaka 1984, na mwaka uliofuata Maryland ikafunga kabisa uvuvi wake hadi 1990. Subira ililipa: mwaka 1995 ilitangazwa kwamba straipa amerejea.

Kisha hali ikageuka tena. Tathmini iliyotolewa mwaka 2019 ilionyesha kuwa wazazi wamepungua kupita kiwango salama. Mwaka 2022 wavuvi wa starehe walichukua karibu mara mbili ya walichochukua mwaka uliotangulia, kwa sababu kizazi kikubwa cha mwaka 2015 kilikuwa kimefikia kipimo kilichoruhusiwa. Tume ya Uvuvi wa Bahari ya Majimbo ya Atlantiki, inayoyaunganisha majimbo katika jambo hili, ilichukua hatua ya dharura Mei 2023. Tangu hapo, kwa wavuvi wa starehe baharini, straipa wa kuchukua nyumbani ni mmoja kwa mtu kwa siku, mwenye urefu wa inchi 28 au zaidi lakini asifike 31, yaani kati ya sentimita 71 na 79 hivi. Hupimwa mdomo ukiwa umefungwa na ncha za mkia zikibanwa pamoja.

Wanaotoka kando ya Ziwa Victoria wanaijua hoja hii. Kenya, Uganda na Tanzania zilikubaliana sangara avuliwe akiwa kati ya sentimita 50 na 85. Aliye chini ya hapo hajazaa, na aliye juu ni mama anayelijaza ziwa. Kwa straipa hesabu ni ileile: samaki anayevutia zaidi kupigwa naye picha ndiye anayehitajika zaidi majini.

Haja ni kubwa. Tangu 2019 uchunguzi wa samaki wachanga unaofanywa kila mwaka Maryland umeonyesha vizazi dhaifu mfululizo, jambo ambalo wanasayansi wanalihusisha na majira ya baridi yasiyo na baridi ya kutosha na mito kuwa na maji haba.

Kwa kuwa samaki wengi wanaonaswa hurudishwa, namna ya kuwarudisha ina uzito wake. Makadirio rasmi ni kwamba asilimia 9 yao hufa baada ya kuachiwa. Mikono iloweshwe kwanza ili utelezi unaolinda ngozi ya samaki usitoke. Abaki majini wakati ndoana inatolewa, na akiinuliwa, tumbo lishikiliwe kwa mkono wa pili. Kisha aelekezwe kichwa kwenye mkondo hadi apige mkia mwenyewe. Massachusetts imepiga marufuku kumchoma kwa kulabu.

Mambo matatu zaidi ya kisheria. Anayevua kwenye boti ya kukodi yenye kibali hahitaji kibali chake binafsi. Anayevua baharini kutoka ufukweni au boti yake anakihitaji akiwa na miaka 16 au zaidi, na wenye miaka 60 na kuendelea hupewa bure. Nje ya maili tatu za baharini kutoka pwani, straipa haruhusiwi kuvuliwa tangu 1990. Na samaki aliyevuliwa kwa starehe hauzwi, hata kwa jirani. Vipimo vinaweza kubadilika, kwa hiyo vihakikishwe kwa idara ya uvuvi wa baharini ya jimbo kabla ya kila msimu.

Mezani

Samaki huyo mmoja ana uzito wa kilo nne hadi tano, wa kutosha familia. Akichinjwa mara moja na kulazwa kwenye barafu, nyama yake hubaki nyeupe, imara na yenye utamu kidogo. Inastahimili makaa, hivyo inafaa sana kwa samaki wa kupaka: choma kwanza, kisha paka tui zito lenye ukwaju na pilipili. Kichwa kinatoa supu nzuri.

Tahadhari moja ya afya: straipa hula samaki wengine kwa miaka mingi, na mwili wake hukusanya zebaki na kemikali za viwandani. Idara za afya za majimbo kadhaa ya pwani hiyo zimetoa miongozo ya kiasi cha kula, hasa kwa wajawazito na watoto wadogo. Kuondoa ngozi na ile nyama nyeusi ya ubavuni hupunguza kemikali zinazokaa kwenye mafuta, lakini hakuondoi zebaki.

Tume imejiwekea lengo la kuwarejesha wazazi kwenye idadi salama ifikapo 2029, na kila inapofikiria kubadilisha kanuni huita mikutano ya hadhara katika majimbo na mtandaoni. Haiulizi uraia, yeyote anaweza kuzungumza au kuandika maoni. Manahodha, wavuvi wa ufukweni na wenye maduka ya chambo huhudhuria na kusikilizwa. Wanaoishi kando ya mto huohuo, wanaolipia boti hizo na kula samaki huyo, nao wana la kusema, na tarehe za mikutano hutangazwa kwenye tovuti ya tume na ya idara ya jimbo.