Mashine ya Petroli au ya Dizeli? Hesabu Saa Zako

Ndugu mvuvi, wengi wenu mkiuliza mashine ipi ya boti inafaa, mnaanza na bei ya dukani. Bei hiyo hulipwa mara moja tu. Mafuta utanunua kila utokapo kwenda kuvua, basi tuanzie huko.

Chukua boti ya mbao inayotembea kwa nguvu za farasi 8. Mashine ya petroli ya kupachika nyuma, ile ya mipigo miwili, hunywa karibu lita 4 kwa saa. Dizeli iliyofungwa ndani ya boti hunywa karibu lita 2 kwa kazi ile ile. Ukitembea saa 6 kwa siku, siku 20 kwa mwezi, petroli ni lita 480, dizeli ni lita 240. Tena petroli hiyo yataka kuchanganywa na oili. Kwa kipimo cha lita 1 kwa lita 50, karibu lita 10 za oili huungua kila mwezi. (Ziko za mipigo minne zisizochanganywa oili, nazo hunywa kidogo kuliko hizo, ila bei yake iko juu.)

Na umri je? Mashine ya petroli huzunguka kwa kasi, mara nyingi mizunguko 5,000 kwa dakika, na pistoni na ringi huisha upesi. Dizeli ni nzito, huzunguka polepole, tena haina plagi ambazo hewa ya chumvi huziharibu. Petroli ikifika saa 1,500 bila matengenezo makubwa, shukuru. Dizeli iliyotunzwa hufika 5,000 na kupita.

Lakini usikimbilie! Dizeli haipendi maji wala taka. Pipa likishatikiswa njiani, liache litulie usiku kucha, usinyonye mafuta ya chini kabisa, na chujio libadilishwe kwa wakati. Pampu yake ikiharibika, si kazi ya bisibisi na msasa pale ufukoni. Yataka fundi hasa, na fedha. Ngalawa nayo haiibebi. Yahitaji boti pana, yenye mkuku imara na shafti, wala huwezi kuibeba begani jioni ukailaza nyumbani.

Anayetembea saa 20 tu kwa mwezi ataokoa lita 40. Huyo abaki na petroli yake, na kama anavua baharini aisukutue kwa maji yasiyo na chumvi kila arudipo. Bali ninyi wa ushirika, ambao boti yenu haipumziki, ketini na mweka hazina wenu, mzidishe zile lita 240 kwa bei ya mafuta ya hapo kwenu, kisha ndipo muulize bei ya mashine.