Kabla hujampa mwanao somo, muulize atadumu hadi lini

Mtoto wa miaka 12 ameanza kunyamaza nyumbani. Mama yuko Soko la Mgandini tangu alfajiri, baba yuko baharini au juu ya bodaboda. Shuleni mwalimu ana darasa zima la kuangalia. Jioni mtoto anarudi, anakula, analala. Hakuna aliyemuuliza siku yake ilikuwaje. Si kwamba hapendwi, ila kila mtu amechoka.

Mtoto kama huyu anaweza kusaidiwa na mlezi wa kujitolea: mtu mzima mmoja, asiye mzazi wala mwalimu wake, anayekutana naye kwa ratiba, labda mara moja kwa wiki. Watasoma pamoja, watacheza bao au watazungumza tu. Halipwi, na kazi yake kubwa ni kufika siku aliyoahidi.

Pwani tunalijua hili

Kwa wenyeji wa Tanga, Pangani na Mkinga jambo hili si geni. Mwari alikuwa na somo wake, na wa jandoni alikuwa na kungwi. Mengi waliyofundishwa yalihusu unyago, jando na ndoa, lakini utaratibu wake una funzo: kila mtoto alikuwa na mtu wake, na udugu huo haukuisha ngoma ilipokwisha.

Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, alimwandikia barua mdogo wake Yusuf Ulenge kuanzia mwaka 1931 hadi 1958. Barua hizo zilikusanywa na kuwa kitabu. Ni miaka 27 ya mtu mmoja kumkumbuka mwenzake.

Muda ndio dawa

Nchini Marekani shirika la Big Brothers Big Sisters, lenye mizizi New York tangu 1904, humpa kila mtoto mlezi wake mmoja wa kujitolea. Utafiti uliotolewa mwaka 1995 ulifuatilia watoto 959 wa miaka 10 hadi 16. Baada ya mwaka mmoja na nusu, waliopangiwa walezi walitoroka shule karibu nusu tu ya siku walizotoroka wenzao waliokuwa bado wanasubiri. Uwezekano wao wa kuanza dawa za kulevya ulikuwa pungufu kwa asilimia 46.

Mwaka 2002 watafiti Jean Grossman na Jean Rhodes walizirudia takwimu hizo wakaona jambo ambalo kila mzazi anapaswa kulijua. Waliofaidika zaidi ni watoto waliodumu na walezi wao mwaka mzima au zaidi. Wale ambao uhusiano wao ulivunjika ndani ya miezi mitatu walishuka katika kujiamini. Mlezi anayekuja na kutoweka humwacha mtoto pabaya kuliko alipomkuta.

Ndiyo maana mtu wa karibu hufaa zaidi. Shirika la CAMFED, lililoanza kazi Tanzania mwaka 2005, huwatumia wasichana waliomaliza sekondari kurudi kwa kujitolea katika shule za maeneo yao. Huwafundisha wanafunzi darasani, lakini pia mtoto akianza utoro humfuata hadi nyumbani kuzungumza na wazazi. Wao ni wenyeji, wanakijua kijiji na watakutana na mtoto huyo hata kesho kutwa.

Usifumbe macho

Kuna upande ambao mzazi hawezi kuupuuza. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18, na mara nyingi mtendaji ni mtu anayefahamika. Heshima ya mtu mtaani haitoshi kuwa cheti.

Kabla ya kukubali, fanya haya:

1. Fahamu nyumba yake na kazi yake. Uliza ofisi ya serikali ya mtaa na afisa ustawi wa jamii. Akija kupitia taasisi, iulize jinsi ilivyomchunguza.

2. Wakutane mahali pa wazi: barazani, maktaba, uwanjani. Si chumbani, si usiku, si safari za wawili peke yao.

3. Zawadi, fedha na simu zipitie kwako. Mwambie mtoto kuwa hakuna siri kati yake na mtu mzima ambayo mama au baba haruhusiwi kuijua.

4. Muulize mtoto kila baada ya kukutana. Akisema hataki tena kwenda, msikilize kwanza kabla ya kumgombeza.

Ukiona dalili mbaya, nenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au piga bure namba 116 ya huduma ya simu kwa watoto.

Mwisho, muulize huyo mlezi swali moja mbele ya mtoto: utakuwa naye hadi lini? Kama hawezi kuahidi mwaka mmoja, mshukuru, mwache aende. Na aliyeahidi, siku yake ya kuondoka ikifika, aje mwenyewe kuaga. Mtoto asibaki barazani Jumamosi akimsubiri mtu asiyekuja.