Treni kutoka Dodoma, usiku mmoja Dar, kisha boti: Swala ya msafiri

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (swalla Allahu ‘alayhi wa sallam), Aali zake na Maswahaba zake wote. Ama ba‘ad.

Ndugu yetu mmoja wa Pemba ametuandikia kuwa alimpeleka mama yake Dodoma kwa matibabu, wakakaa wiki mbili. Wakati wa kurudi walipanda treni ya SGR hadi Dar es Salaam, wakalala kwa kaka yake Temeke, na asubuhi wakaenda kupanda boti. Usiku ule ukazuka mzozo. Yeye na mama yake waliswali Isha rakaa mbili. Kaka akasema: “Mmefika kwangu, na kwangu ni kwenu. Safari imekwisha, swalini nne.” Mama, mgonjwa na amechoka, akainuka akaswali tena. Na Alfajiri kila mmoja akaswali pembe yake, ndugu wa tumbo moja. Anauliza nani alikuwa sahihi, na mama alipe nini.

Tumeona tujibu kwa urefu kidogo, kwa sababu tangu treni hii ilipoanza kufika Dodoma, Julai 2024, safari ya namna hii imekuwa ya watu wengi wa visiwani, na suala hili limeturudia zaidi ya mara moja.

Kwanza ifahamike kuwa hukumu ya safari hutazamwa kwa mwanzo wake na mwisho uliokusudiwa. Haikatwi vipande vipande kwa kila chombo unachopanda. Aliyetoka Dodoma akiwa amekusudia Pemba ana safari moja: treni, usiku wa Dar, boti hadi Unguja, boti hadi Mkoani. Kulala njiani hakumtoi katika usafiri. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi‘i, kinachomtoa ni kufika kwao, au kunuia kukaa mahali siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka. Usiku mmoja uko mbali na siku nne.

Na nyumba ya kaka? Wanazuoni wetu wamelizungumza hili kwa jina lake: msafiri akipita mji wenye jamaa zake, naye si mkaazi wa hapo, kauli yenye nguvu ni kwamba anabaki msafiri. Maneno ya kaka ni ya mapenzi na ukarimu, na Allah amlipe kwayo, lakini ukarimu haubadilishi idadi ya rakaa. Ingekuwa vingine lau muulizaji mwenyewe ana makaazi Dar, kama wengi wetu wenye nyumba mbili, moja huku na moja kule. Huyo akiingia mji ambao ni makaazi yake, safari imekatika hata akipita kwa usiku mmoja, na atatimiza nne.

Hapa pana jambo ambalo watu wa Unguja hulisahau. Masafa ya kufupisha kwa Mashafi‘i ni marhala mbili, ambazo kwa vipimo vya leo wengi wanazikadiria kilomita themanini na kitu. Kutoka Mji wa Unguja hadi Dar kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 75. Kwa hiyo anayekwenda Kariakoo kununua bidhaa na kurudi, sisi tunamwambia atimize Swala zake. Wapo wanazuoni wanaosema safari ni kile ambacho watu wanakiita safari, hatumgombezi anayewafuata. Lakini mtu huyohuyo wa Unguja akikusudia Dodoma, ni msafiri tangu boti inapotoka bandarini, na Dar kwake ni njia tu. Wa Pemba hana tatizo hili, kwani Dar kwake ni mbali kwa kipimo chochote.

Tuje kwenye treni. Muulizaji na mama yake walijua tangu mwanzo kuwa watakaa Dodoma wiki mbili, basi kule walikuwa na hukumu ya wakaazi. Ruhusa ya kufupisha na kukusanya inawarudia treni ikishatoka nje ya majengo ya mji. Wakiwa bado kituoni hawafupishi, wala hawaileti Alasiri katika wakati wa Adhuhuri. Wengi hukosea hapa, hukusanya ukumbini kabla ya kupanda.

Safari yenyewe ni ya saa tatu na kitu hadi kama saa nne, kutegemea treni uliyokata. Ukiondoka jioni, nuia kuichelewesha Magharibi na uikusanye na Isha utakapofika Dar: Magharibi tatu, Isha mbili. Nia hiyo iwepo kabla wakati wa Magharibi haujatoka. Ukiondoka mchana, swali Adhuhuri kwa wakati wake kabla ya kupanda, rakaa nne, kisha angalia kama utawahi Alasiri Dar. Hivi unaepuka kuswali faradhi chomboni, ambako kusimama na kuelekea Kibla ni shida. Ikilazimu kuswali humo, jua kuwa kutoka Dodoma kuja Dar treni kwa ujumla inakwenda mashariki, basi Kibla kiko mkono wako wa kushoto. Ama boti ya kwenda Unguja, hiyo inakwenda kaskazini, na Kibla chetu ni kaskazini. Mara nyingi ukielekea omo umekielekea, wala huhitaji kugeukageuka.

Siku ya Ijumaa ina jambo lake. Aliyekuwa na hukumu ya mkaazi haruhusiwi kusafiri baada ya Alfajiri kwa namna itakayompotezea Ijumaa, isipokuwa anajua ataiwahi njiani au kuna dharura. Treni ya asubuhi inayokufikisha Dar kabla ya Adhuhuri haina neno; misikiti ya Kitumbini na Ngazija iko mjini humo humo.

Kuhusu kupanga, ushauri wetu ni kuanza na boti na kuhesabu kurudi nyuma. Sisi wenyewe tuliwahi kukata boti ya jioni siku ileile ya treni, tukidhani tumebana matumizi. Tulifika bandarini na watoto na mabegi, lango limefungwa. Kosa lilikuwa letu. Tukapiga simu nyumba ya wageni tuliyoelekezwa na dereva wa bajaji, na tulipofika tukakuta baa chini ya ngazi. Tulilala macho. Tangu hapo tunaihesabu gharama ya usiku mmoja kuwa ni sehemu ya nauli, na nyumba tunaitafuta mapema, karibu na bandari na karibu na msikiti.

Ukaribu huo una sababu ya kisheria pia. Boti ya kwanza huondoka asubuhi mapema na abiria hutakiwa kufika kabla. Alfajiri haikusanywi na Swala yoyote, wala haifupishwi. Anayelala mbali hujikuta kwenye foleni huku jua linachomoza. Na mwenye mgonjwa aweke dawa na kitambulisho kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi linalopelekwa kwenye mizigo.

Bahari ikichafuka na boti zikazuiwa, subira. Msafiri anayetarajia kuondoka siku yoyote huendelea kufupisha hadi siku kumi na nane. Asitafute chombo cha njia za panya wala kilichojaa kupita kiasi. Mwenyezi Mungu ametukataza kujitia wenyewe katika maangamizo, na sisi watu wa visiwa hatujaisahau Septemba 2011, mv Spice Islander ilipozama usiku ikielekea Pemba na mamia ya watu wetu.

Turudi Temeke. Njia ya kuuzima mzozo ule ilikuwa nyepesi. Kaka angeswalisha, na wageni wangetimiza nne nyuma yake, kwani msafiri anayemfuata mkaazi hutimiza. Au mgeni angeswalisha mbili, akatoa salamu, na kaka akainuka kukamilisha zake. Ama Alfajiri ni rakaa mbili kwa wote, mkaazi na msafiri, na hapakuwa na sababu yoyote ya kutengana.

Mama yako Isha yake ya kwanza ilisihi, na ile ya pili hakulazimika kuiswali. Hana cha kulipa. Mpigie simu kaka yako umsomee jibu hili kwa upole, na umsalimie kutoka kwetu.

Wallahu a‘lam.