Mtoto akikamatwa, askari afanye nini?

Pale Rusumo, Mto Kagera ndio mpaka wa Rwanda na Tanzania, na daraja huvukwa kwa miguu kwa dakika chache. Mvulana wa miaka 13 akituhumiwa kuiba simu upande wa Rwanda, hashtakiwi kwa jinai, kwa kuwa sheria ya huko inaanza na umri wa miaka 14. Akituhumiwa ng'ambo ya pili, Tanzania, anaweza kufikishwa mahakamani.

Burundi wanaanzia miaka 15, Uganda 12. Kenya ilikuwa miaka 8 hadi Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ilipoipandisha kuwa 12. Hata hivyo, mtoto wa Kenya aliye chini ya miaka 14 huchukuliwa kuwa hajui kupambanua mema na mabaya, mpaka ushahidi uonyeshe vinginevyo.

Umri unatofautiana, lakini namna ya kumtendea mtoto mikononi mwa polisi haipaswi kutofautiana. Nchi zote hizi zimeridhia Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989. Ibara ya 37 inasema kumkamata na kumfungia mtoto iwe hatua ya mwisho, kwa muda mfupi iwezekanavyo, na asichanganywe na watu wazima. Kanuni za Beijing, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1985, zinataka wazazi waarifiwe mara moja, na askari wanaoshughulika na watoto wapewe mafunzo maalumu.

Sheria ya Uganda inaeleza kazi hiyo hatua kwa hatua. Polisi wanaweza kumwonya mtoto na kumwachia bila kwenda mahakamani. Mzazi au mlezi awepo anapohojiwa. Asipopatikana, aitwe afisa wa ustawi wa jamii. Mtoto asikae kituoni zaidi ya saa 24, na msichana awe chini ya uangalizi wa askari wa kike.

Masharti hayo yana sababu. Mtoto aliyejawa na hofu hukubali lolote analoulizwa, ili mradi arudi nyumbani. Akilala mahabusu na watu wazima, anaweza kudhulumiwa au kufunzwa uhalifu asioujua. Naye kijana aliyepigwa kituoni hatarudi hapo kesho kutoa habari za wezi wa mtaani kwake, na hasara hiyo ni ya polisi wenyewe.

Kwa familia za mipakani, kinga ya kwanza ni cheti cha kuzaliwa, kwani bila hicho umri hukadiriwa kwa macho. Mzazi anayepata habari kuwa mwanawe ameshikwa afike kituoni mapema, aulize saa aliyoandikwa kwenye kitabu cha matukio, na aombe kuketi naye anapohojiwa. Ombi hilo si la kutafuta upendeleo, bali ni haki ya mtoto, na askari anayejua kazi yake atamvutia kiti.