MAHINDI: SUMUKUVU HUANZA SHAMBANI, SI GHALANI

Wafanyabiashara wanaovusha mahindi Namanga na Holili hawajasahau Machi 2021. Tarehe 5 ya mwezi huo Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye zuio lililegezwa kwa masharti: mwagizaji awe amesajiliwa, na kila shehena iwe na cheti kwamba sumu haizidi sehemu 10 katika bilioni. Kwa hesabu ya gunia la kilo 100, hiyo ni miligramu moja tu.

Sumu hiyo haionekani kwa macho na kupika hakuiondoi. Mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Mwaka 2016 iliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Wengi hulilaumu ghala. Ni kweli kwamba mahindi mabichi yakirundikwa huharibika, na ndiyo maana kiwango cha unyevu kimewekwa kisizidi asilimia 13.5. Lakini kuvu inayotoa sumu, Aspergillus flavus, huishi kwenye udongo wa shamba. Ukame na joto vikiupata mmea wakati punje zinajaa, kuvu huingia kwenye gunzi kabla ya mavuno. Mnunuzi wa Kibaigwa anayeanika upya mzigo wake anazuia sumu isiongezeke. Iliyokwisha kuingia haitoki.

Dawa iliyopatikana ni ya kupambanisha kuvu kwa kuvu. Si kila Aspergillus flavus hutoa sumu. Watafiti wa IITA, wakishirikiana na idara ya kilimo ya Marekani, walichagua aina za hapa hapa nchini zisizo na uwezo huo, wakazipaka kwenye punje za mtama uliokaangwa ili usiote. Bidhaa hiyo huitwa Aflasafe. Mkulima humwaga kilo 4 kwa ekari, wiki mbili hadi tatu kabla ya mahindi kutoa mbelewele, udongo ukiwa na unyevu. Kuvu njema hula ule mtama, huzaana, na upepo na wadudu huipeleka kwenye mahindi. Ile yenye sumu ikifika hukuta kiti kimekaliwa. Majaribio ya mashambani yameonyesha sumu ikipungua kwa asilimia 80 na zaidi, na kinga hiyo huendelea hata ghalani.

Tanzania ilisajili aina mbili, TZ01 na TZ02, mwaka 2018, na kampuni ya A to Z ya Arusha ikapewa kazi ya kuitengeneza na kuisambaza. Kenya wana yao, KE01, na kiwanda cha KALRO kiko Katumani, Machakos.

Ugumu uko kwenye mfuko. Mkulima anayevuna magunia 15 kwa ekari hugawa gharama ya zile kilo 4 kwa magunia 15. Wa nyanda kavu anayepata magunia manne hugawa kwa manne, na huyo ndiye mwenye hatari kubwa zaidi ya sumu. Akifika sokoni, dalali asiyepima humpa bei ile ile ya jirani yake ambaye hakutia kitu. Kwa maoni ya safu hii, mkulima huyo hana kosa akiacha kununua msimu unaofuata.

Anayenufaika zaidi ni msafirishaji, maana shehena ikikataliwa mpakani nauli ya lori, ushuru na muda ni vyake. Basi aliye na mkataba wa nje asingoje mavuno. Akubaliane na vikundi vya wakulima mapema, achangie dawa, na mahindi hayo yafungwe na kupimwa peke yake. Yakichanganywa na ya mitaani kwenye mashine ya kupukuchua, fedha yake imepotea.

Tahadhari moja: dawa hii haizuii fumonisini, sumu ya kuvu nyingine inayoshambulia mahindi. Kukausha na kuchambua kunabaki pale pale.