Vinara wa Kuzuia Chembe Zisishikane

Katika Royal Institution, London, kuna chupa za maji mekundu alizozitengeneza mwanasayansi Michael Faraday miaka ya 1850. Wekundu ule ni dhahabu, chembe ndogo zisizoonekana kwa darubini ya kawaida, na mpaka leo hazijatuama. Kwa umri, koloidi (michanganyiko ya chembe ndogo zinazoelea) chache za maabara zinaweza kuzifikia. Lakini chembe hizo zinasimama kwa chaji ya umeme, na Faraday mwenyewe aliuona udhaifu wake: ukitia chumvi, wekundu unageuka buluu. Nguvu ya chaji imepunguzwa, chembe zimeanza kushikana.

Taji la kustahimili chumvi linakwenda kwa kundi jingine, safaktanti (molekuli za jamii ya sabuni) zisizo na chaji. Upande mmoja wa molekuli hung'ang'ania chembe; upande wa pili, mkia mrefu unaopenda maji, hubaki nje. Mikia hiyo huizunguka chembe kwa tabaka lililojaa maji, na chembe mbili zikikaribiana matabaka yao husukumana. Chumvi haina chaji ya kuifunika hapo. Chembe za dhahabu zikishavikwa Tween 20, mojawapo ya safaktanti hizo, hubaki nyekundu hata katika maji ya chumvi ambayo yangezigandisha mara moja zikiwa tupu.

Ukoo huu uliingia viwandani mwaka 1930 kwa kazi ya Wajerumani wawili wa I.G. Farben, Conrad Schöller na Max Wittwer, waliounganisha oksidi ya ethilini na malighafi za mafuta.

Kwa wingi wa kazi, kinara ni polisobeti 80, inayouzwa pia kwa jina la Tween 80. Bakteria wa kifua kikuu wana ngozi yenye nta, hivyo wakioteshwa majini hukaa mabonge mabonge na kumpa tabu anayetaka kuwapima. Miaka ya 1940, mtaalamu wa bakteria René Dubos na wenzake huko New York walitia Tween 80 kwenye maji ya kuoteshea, na bakteria wakaota wametawanyika. Chanjo ya UVIKO-19 ya AstraZeneca, iliyotumika Kenya na Uganda, nayo ilikuwa na polisobeti 80.

Ajabu kubwa kuliko zote, na ndiyo ninayoipenda zaidi, iko kwenye aiskrimu. Humo polisobeti 80 hutiwa makusudi ili kuvuruga uthabiti! Matone ya mafuta ya maziwa huwa yamevaa koti nene la protini. Polisobeti huisukuma protini pembeni na kuacha koti jembamba. Mchanganyiko ukipigwa huku ukigandishwa, matone hugongana na kushikana nusunusu, yakajenga wavu unaobana hewa. Ndiyo maana aiskrimu hiyo hukawia kuyeyuka. Molekuli ileile inayotawanya bakteria huku inaunganisha mafuta kule. Kinachoamua ni kile ilichokikuta juu ya chembe.

Matumizi makubwa ya kutisha yalikuwa Ghuba ya Mexico mwaka 2010, baada ya ajali ya mtambo wa kuchimba mafuta wa Deepwater Horizon. Karibu lita milioni 7 za dawa za kutawanya mafuta zilitumika, sehemu yake ikimiminwa kwenye mdomo wa kisima, kina cha mita 1,500 hivi. Dawa kuu ilichanganya safaktanti zisizo na chaji, polisobeti 80 ikiwemo, na nyingine yenye chaji.

Udhaifu mkubwa wa kundi hili ni joto. Maji yenye Triton X-100, safaktanti nyingine ya kundi hili, yakifika nyuzi 65 hivi za Selsiasi hugeuka meupe, kwa kuwa mikia imeachana na maji, na ulinzi wa chembe hulegea. Tena kuzidisha dozi si dawa: safaktanti iliyobaki huru hujikusanya kuwa miseli, yaani vifundo vidogo vya molekuli, na miseli zikiwa nyingi mno huzisukuma chembe zikaribiane tena. Triton X-100 yenyewe imewekewa masharti makali. Tangu Januari 2021 haitumiki katika Umoja wa Ulaya bila kibali au msamaha maalumu, kwa sababu huchakaa na kuacha oktilifenoli, kemikali inayovuruga homoni za viumbe wa majini.

Kwangu, bingwa ni polisobeti 80. Ukinunua tui la nazi la kopo, soma orodha ya viungo vyake: ukikuta E435, hiyo ni polisobeti 60, ndugu yake, imewekwa humo ili mafuta ya nazi yasijitenge na maji.