Waliouingiza Uislamu Bara

Pwani yetu ina Uislamu wa kale mno. Huko Shanga, kisiwani Pate, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta, chini ya magofu ya msikiti wa mawe, mabaki ya misikiti ya miti iliyofuatana tangu karne ya 8. Maandishi ya Kizimkazi, Unguja, ni ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliwakuta Waislamu wa madhehebu ya Shafii. Lakini kwa takriban miaka elfu moja dini hii haikwenda mbali na vumbi la pwani. Kwa nini?

Wengi hudhani misafara ya biashara ya karne ya 19 ndiyo iliyoieneza bara. Ni kweli iliacha jamaa za Waislamu Tabora na Ujiji, ila mfanyabiashara alifuata pembe na watumwa, si waumini. Sheria ya Kiislamu yenyewe inakataza kumtia utumwani Mwislamu huru, basi haraka ya kusilimisha watu ingetoka wapi? Tena mwungwana wa pwani aliilinda dini kama alama ya ubora wake. Ufalme wa Buganda ulikuwa na habari yake tofauti: Kabaka Mutesa alifunga Ramadhani miaka kadhaa, kisha mwaka 1876 akawaua vijana wa ikulu waliokataa kula nyama iliyochinjwa kwa amri yake, kwa kuwa yeye Kabaka hakuwa ametahiriwa.

Kilichofungua mlango ni kuvunjika kwa ule ulimwengu wa misafara. Chini ya Wajerumani, askari, makarani na maakida Waislamu walitawanyika bara. Baada ya Vita vya Maji Maji, vya 1905 hadi 1907, watu wengi wa kusini walisilimu. Na kulikuwa na twarika, yaani vyama vya Kisufi, hasa Kadiria, ambayo katika halka yake ya zikiri haikumuuliza mtu nasaba. Mtazame Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu Shehe Ramiya: aliletwa Bagamoyo akiwa mtoto mtumwa kutoka Manyema, Kongo ya mashariki. Alisoma, akafanya biashara, akawa khalifa wa Kadiria, na wanafunzi wake wakaipeleka twarika bara. Alifariki mwaka 1931, akiheshimiwa hata na waungwana.

Kwa hiyo historia inayowataja wenye misafara pekee inawapa sifa wasiostahili. Kazi kubwa ilifanywa na watu wa bara wenyewe, wengi wao waliowahi kuitwa washenzi.